Laki ya Bi Fahima na bei ya mwenyekiti

Saa mbili asubuhi, Mbwajumwali, kisiwani Pate. Bwana Yassir Khatib yuko juu ya mnazi. Mguu wa kulia umeshika, wa kushoto unatetemeka. Nazi zilizokomaa anaziangusha, vitale, zile changa, anaviacha.

Anashuka polepole, akisimama kila hatua. Goti limekwisha. Kila mti analipwa shilingi hamsini, na siku hizi kupanda kumi ni kazi.

"Si goti linalonikosesha usingizi," anasema. "Ni laki ya Fahima."

Marehemu mkewe, Bi Fahima, alishona makuti miaka na miaka. Kila alichopata alikiweka chama cha ushirika cha wakulima wa minazi, chenye ofisi Langoni. Alipofariki mwaka jana aliacha humo shilingi laki moja, na ombi moja: jabia la mtaa, lile tangi la maji ya mvua, lizibwe nyufa. Warithi ni mumewe na binti yao Ghada, na wote wameridhia. Fundi anataka elfu tisini, kabla ya masika.

Kumbe pesa hazipo. Viongozi walizitia kwenye hati fungani ya serikali bila kumuuliza mtu. Yaani wameikopesha serikali. Kila laki inaleta elfu kumi na mbili kwa mwaka, hati imebakiza miaka mitatu, na mwisho laki yenyewe inarudi. Watu wanaoogopa riba kama moto waliingizwa humo kama mbuzi jahazini.

Bwana Yassir alipoidai, mwenyekiti alimwambia chama kitainunua hati yake kwa elfu sabini, atie sahihi aende. Akamjibu kuwa laki ni laki. Mwenyekiti akacheka.

"Akaniambia, 'Bwana Yassir, wewe panda minazi, hesabu tuachie sisi.' Mbele ya watu."

Ghada, anayesomea biashara, alimwambia babake ukweli asioutaka: laki kamili haipatikani leo. Hati mpya sasa zinalipa kumi na tano kwa mia. Nani atanunua ya kumi na mbili kwa bei ile ile? Kila malipo yajayo lazima yarudishwe kwenye thamani ya leo. Elfu kumi na mbili za mwaka ujao, leo ni kama elfu kumi na mia nne, kwa sababu hizo ukizizalisha kwa kumi na tano zitafika huko. Za mwaka wa pili zinashuka hadi elfu tisa na kidogo. Za mwaka wa tatu, pamoja na laki yenyewe, ni elfu sabini na tatu na ushei.

Jumla, elfu tisini na tatu.

"Hapo nikafahamu," anasema mkwezi. "Nazi ya yeo ina bei yake. Kitale huwezi kunilipa bei hiyo, maana utangoja. Lakini kitale si jiwe. Hawa wataka kunilipa kama jiwe."

Walirudi Langoni wawili. Ghada aliuliza ni kiwango gani kilichotumika. Mwenyekiti akamwambia hayo ni mambo ya ofisi. Ghada akaihesabu kinyumenyume palepale: ili hati ile ishuke hadi elfu sabini, lazima soko liwe linalipa ishirini na nane kwa mia.

"Nikamuuliza, nti hii ni nani alipwaye ishirini na nane?" anasema Ghada. "Akamgeukia baba, akamwambia hakunifunza adabu."

Wajane saba wa chama wameshatia sahihi kuuza hati zao kwa bei hiyo ya sabini. Mmoja wao, Bi Esha, anasema alidhani serikali ndiyo iliyopanga bei. Hati zao sasa ni za nani? Mwenyekiti alipopigiwa simu na mwandishi huyu alikata. Ndiyo tabia yao. Wakati wa kura za chama wanakujua mpaka jina la mbuzi wako, na ukidai chako wewe ni mkwezi tu. Mama wa watu ameinama kwenye makuti mpaka mgongo ukapinda, jasho lake anakuja kulikadiria mtu aliyekaa chini ya feni.

Mkutano wa wanachama ni Jumamosi. Bwana Yassir hajatia sahihi, na amewaomba wale saba waje. Anapanga kufunga pamoja na kubeba nazi, koroma linalokaribia kukomaa, na kitale.

"Nitamuweka mwenyekiti mbele ya watu anambie bei ya kila moya," anasema akifunga kamba kiunoni. "Akishamaliza, atatwambia ya Fahima. Mvua haingoji, na mimi nataka mayi yaingie jabiani kwa jina lake."

Kisha anaukumbatia mti wa pili.