Marehemu Ndani ya Pikapu ya Kimya

Nilifunga chumba changu Mabatini asubuhi moja nikashika barabara ya Musoma, bila kujua naenda wapi. Ndivyo nilivyo. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo miguu ndiyo inayonifundisha. Nilipofika Nyakato nikaona watu wanahangaika na jeneza mbele ya karakana ya seremala, nikaenda kushika upande mmoja. Sikuitwa. Msibani hakuna anayeitwa.

Gari lilikuwa pikapu mpya, ya hawa watengenezaji wa kigeni ambao majina yao bado hatujazoea kuyatamka. Mwenyewe alikuwa kijana wa mjini, marehemu ni baba yake mkubwa. Jeneza liliingia, mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Viti vya ngozi, skrini kama televisheni ya sebuleni, lakini nyuma hapamtoshi mtu aliyelala! Waliotuletea walidhani sisi pikapu tunabebea nini?

Tukafunga kamba. Kijana akaniomba niende nao, nikae ndani niziangalie kamba kupitia kioo, kwa sababu hakutaka mtu apande kule na viatu. Kwetu marehemu haachwi peke yake nyuma ya gari. Wanawake hukaa naye wakiimba mpaka nyumbani. Mjane, aliyeketi kando yangu, aliomba mara mbili apande. Alijibiwa kwamba rangi itachubuka.

Nami kwa udadisi wangu nikauliza gari linavyofanya kazi. Kijana akaeleza kwa raha kana kwamba hatujabeba mtu. Dukani kulikuwa na ya dizeli na ya haibridi, akaikataa ya dizeli kwa sababu inanguruma. Hii yake ina injini na betri; ikienda polepole inatumia betri tu, na ukitaka injini kuna kitufe. Wakati wote huo gari lilikuwa linalia pi, pi, pi, likilalamika kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Lilimlalamikia marehemu kutoka Igoma mpaka Magu.

Mbele ya Magu tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi kuelekea ziwani. Mwendo ukapungua, injini ikazima. Tukawa tunateleza kimya.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa hawakugeuka. Kwa kawaida mngurumo na nyimbo hutangulia, na watu husimama, mwenye baiskeli hushuka, mwenye kofia huivua. Siku hiyo tulimpita mwanamume mmoja anacheka na simu yake, karibu tumguse, wala hakujua.

"Simamisha gari," mjane akasema.

"Tunakaribia, mama mkubwa."

"Mume wangu anapitishwa kwao kama magendo. Hata mbuzi hawajatusikia."

Kijana akasema maneno ambayo hadi leo yananichoma: kwamba injini inakula mafuta bure, na marehemu hasikii.

"Yeye hasikii," mjane akasema. "Hawa wanasikia."

Ilibidi asimame. Mjane akashuka, akapanda nyuma na viatu vyake vyenye vumbi, akaketi ameweka mkono juu ya jeneza. Nikamfuata. Kisha akagonga paa kwa kiganja.

"Haya, bonyeza hicho kitufe ulichokuwa unakisifia."

Injini ikaunguruma. Mjane akaanza wimbo wa kanisani, sauti ikamkatika, nikadaka mstari niliokuwa naujua. Nyuma yetu, kwenye dagaa, mwanamke mmoja akainuka, akajifunga kanga vizuri, wenzake wakainuka pia. Wavuvi wakaacha nyavu. Wengine wakatufuata kwa miguu, na tulipofika uani tulikuwa umati.

Jioni niliuliza kama kuna gesti karibu. Kijana akawahi kujibu kwamba mimi ni mtu wa lifti tu, nionyeshwe njia ya kurudi barabarani. Mjane alikuwa ameketi chini na wanawake, akainua uso.

"Huyu amekaa na baba yako nyuma," akasema. "Atalala hapa."

Nikapewa mkeka na shuka nyumbani kwa kaka wa marehemu, katika kijiji ambacho asubuhi nilikuwa sijapata kukisikia. Nilipotoka kunawa nilimwona kijana ameinama nyuma ya gari lake, ana ndoo na kitambaa, anafuta nyayo za mjane.