Kamera Iliyolala Kwenye Mpunga

Kisa hiki ukikisimulia pale stendi ya Kilosa watakuambia umekunywa, na ukiwaapia kwa marehemu babu yako watakuuliza babu yupi. Silaumu mtu. Asiyetaka kuamini asome tu ajipatie burudani, ukweli atauchukua mwenye akili zake.

Kinamhusu Yudith, msusi wa pale karibu na soko, mtoto wa dada yangu. Ndani yake yumo pia mjomba mmoja aitwaye Kornelio, mwanamume mwenye busara na sura ya kuridhisha, aliyeishia darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa cha kumfundisha. Mjomba huyo ndiye mimi, lakini kwa kuwa sipendi kujisifu nitamwita mjomba tu, kana kwamba simjui.

Yudith alikuwa na mikono myepesi. Kichwa akikishika asubuhi, adhuhuri kimekwisha, na mwenye kichwa hajaguna. Lakini moyo wake haukuwa kwenye nywele, ulikuwa kwenye picha. Akimaliza kusuka alimgeuza mteja kwenye mwanga, akaunganisha vidole vikawa kidirisha, akamchungulia humo huku jicho moja kalifumba. Wateja walidhani anakagua mistari.

Ndipo mjomba akamletea kamera. Aliipata Mikumi kwa dereva wa watalii, wakabadilishana kwa jogoo. Ilikuwa kamera ndogo ya mfukoni, ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukiiwasha, lenzi ilichomoza kwa mlio, kama kobe anayetoa shingo kuuliza ni nani aliyemwamsha. Haikuja na kitabu cha maelezo. Ilikuja na chaja, kamba ya mkononi, na mjomba.

"Inatumikaje hii, mjomba?"

"Unabonyeza. Picha ni kubonyeza tu, mengine ni mbwembwe za wenye studio."

Akabonyeza. Majuma ya mwanzo Kilosa nzima ilionekana kama inatazamwa kupitia moshi wa kuni. Mama yake alitoka na nyuso mbili, zote zimekasirika. Mbuzi wa jirani alitoka wingu lenye pembe. Mjomba akasema kamera ni kama trekta, lazima ipashwe moto kwanza, akaibana kwapani wakati anakunywa chai. Ilipotoka kwapani ilikuwa na ukungu zaidi kuliko mwanzo.

Aliyemfundisha Yudith ni kuku. Alikuwa anamvizia tetea aliyeatamia, kidole kimegusa kitufe lakini hakijakizamisha, anangoja kuku ageuze kichwa. Kamera ikalia kidogo, na kimraba cha kijani kikamkaa kuku usoni. Yudith akamalizia kubonyeza. Kuku akatoka safi, hata utitiri wake ungeweza kuupa majina. Tangu siku hiyo akajua: bonyeza nusu, subiri kamera ione, kisha malizia.

"Si nilikuambia," mjomba akasema. "Kubonyeza tu."

Sasa pale mtaani kuna kwaya, na kwaya ina mwenyekiti, Mama Loveth, mwanamke ambaye akikohoa, sauti ya tatu nzima inanyooka. Akamwita Yudith awapige picha jioni moja ya mazoezi ukumbini. Picha zikatoka na viduara vyeupe vinavyoelea juu ya vichwa vya waimbaji. Mama Loveth alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Malaika hawa," akasema polepole.

"Malaika gani, mama?" akasema Makarius kutoka nyuma. Makarius huyu anaimba besi, tena ndiye mwenye studio ya picha mjini, na kamera yake ina lenzi ndefu kama mtungi. "Kamera mbovu hiyo. Mnatarajia nini kwa kibiriti?"

Besi nzima ikacheka. Yudith uso ukamwaka. Kesho yake akalitafuta jibu. Alirudi ukumbini peke yake, akapiga picha: hakuna duara. Akacheza kama kwaya inavyocheza, akakanyaga sakafu mpaka vumbi likapanda, akapiga tena: malaika tele. Akazima mwanga wa kamera, akafungua madirisha, akapiga mara nyingine: hakuna malaika hata mmoja. Lilikuwa vumbi la Kilosa likimulikwa na mwanga ule mbele ya lenzi. Alipomweleza Mama Loveth, yule mama alielewa, ila alisikitika kidogo. Alikuwa ameshawazoea.

Hata hivyo bidii ile ya Yudith ilimpendeza. Kila mwaka kwaya hutoa kalenda, na ya mwaka uliotangulia ilikuwa imepigwa na Makarius, ambaye kwenye kompyuta yake aliwang'arisha waimbaji mpaka wakawa kama wametumbukia kwenye unga wa muhogo. Mjukuu wa Mama Loveth aliiangalia akauliza, "Huyu bibi mgonjwa ni nani?"

"Yudith," akasema Mama Loveth, "Jumamosi kwaya inakwenda Mikumi kupiga picha za kalenda. Nakupa siku hiyo moja. Zikitoka vizuri, kalenda ni yako, mwaka huu na mingine. Zikiharibika, Makarius atakuwepo, na wewe urudi kwenye nywele, nisisikie tena habari za picha."

"Nimeelewa, mama."

"Nami nitabeba yangu, dada," akasema Makarius kwa upole wa paka. "Kwa dharura tu."

Yudith akaamua kujifua. Akaenda Kilangali kwenye mpunga wa familia, huko yangeyange, wale ndege weupe, husimama majini wametulia kama wamelipwa. Akatembea juu ya tuta la jaruba, kamera mkononi, bonyeza nusu, subiri. Alivyokuwa anasubiri, tuta halikusubiri. Likameguka, na Yudith akaingia kwenye jaruba mpaka kiunoni. Yangeyange wakaondoka bila kupigwa picha.

Alirudi nyumbani analia, kamera inadondosha maji. Mjomba ndiye aliyekuwa na dawa.

"Acha kulia. Toa betri, toa na kile kikadi cha picha, funika kote, uizike kwenye mchele. Mchele unanyonya maji. Hata simu za mabosi huponywa hivyo."

"Mchele umekwisha, mjomba. Upo mpunga tu, haujakobolewa."

Hapo mtu wa kawaida angekwama. Mjomba hakukwama.

"Mchele ni nini? Mchele ni mpunga uliovua koti. Sasa mpunga ukiwa na koti lake, koti linanyonya, na mchele ndani unanyonya. Ni dawa mara mbili. Na usiifungue mpaka Jumamosi. Ukiichungulia unakata dozi."

Yudith alitaka kubisha, lakini mtu aliyetoka kulia huwa hana nguvu za kubisha. Kamera ikazikwa kwenye gunia, juu kabisa, lenzi ikitazama mpunga.

Jumamosi kwaya ikakodi basi dogo, mjomba naye akapanda, wakaimba njia nzima hadi Mikumi. Walipanda kakilima kamoja nje ya mji, palipo na tambarare chini na milima nyuma, mahali pazuri hata asiyejua picha angepapenda. Wakaanza kutoa majoho kwenye mifuko. Yudith akarudisha betri na kadi, akaiwasha.

Lenzi ilitoka nusu. Ikakwaruza, krrr, ikasimama imepinda upande kama mlevi mlangoni. Kioo kikaandika maneno ya Kizungu, kisha giza.

"Inasema nini?" mwimbaji mmoja akauliza.

"Inaomba radhi," akajibu mjomba.

Yudith alikuwa na Kizungu cha kidato cha nne, na hakikusema hivyo. Kilisema lenzi ina tatizo, zima uwashe tena. Akazima, akawasha. Krrr. Akatoa betri, akaipangusa kwa pindo la kitenge, akairudisha. Krrr. Zipu ya begi la Makarius ikasikika vizuri sana.

"Mwanangu," Mama Loveth akasema, "nakusubiri mpaka majoho yote yafungwe vifungo. Kifungo cha mwisho kikifungwa, Makarius ataanza."

Hapo niwasifu sauti ya pili. Vichwa vyote vya sauti ya pili vilikuwa vimesukwa na Yudith, na vilikumbuka. Mmoja akafunga kifungo, akakuta amekosea, akaanza upya. Mwingine kola ikamkataa. Dada mmoja mnene akavua joho lote akalitazama ndani, kama amesahau ni la nani. Mama Loveth aliona, akageukia milima.

Yudith akaiweka kamera sikioni, akaitikisa taratibu. Kitu kikakwaruza. Akaielekeza juani, akachungulia ule ufa unaozunguka lenzi. Ndani yake, limejibana kama mgeni asiyealikwa, kulikuwa na ganda la mpunga na kijimkia chake.

Akainua macho.

"Mjomba."

"Naam."

"Koti la mpunga."

Mjomba akatazama mbali, kama aliyesikia anaitwa. "Ipige kofi," akashauri. "Redio ya marehemu babu yako ilikuwa haisemi mpaka ipigwe kofi."

"Hapigwi mtu kofi."

Akachomoa pini kichwani, akajaribu kuling'oa ganda. Likazidi kuzama. Akaacha upesi. Akapuliza kwa mdomo, akatoa mate zaidi ya upepo, akaacha na hilo. Akaketi kitako, akafikiri kama anavyofikiri nywele zikigoma: usivute, tafuta zilikoshikwa. Ganda lilihitaji upepo mkavu, tena wa kulengwa. Macho yake yakateremka kilima, yakamwona fundi baiskeli kando ya barabara.

"Mjomba, kimbia kwa yule fundi. Mwambie shikamoo, mwombe pampu."

"Mimi nimpe yeye shikamoo? Namzidi umri."

"Basi mpe mambo, lakini pampu ije."

Mjomba akashuka, akapanda, na pampu mkononi. Yudith akashika kamera, akaelekeza mrija kwenye ufa. Mjomba akasukuma kwa nguvu zote alizojaliwa, mrija ukaruka, vumbi lote likamwingia yeye mwenyewe jichoni.

"Taratibu, si tairi hilo."

Akasukuma kidogo. Kidogo tena. Sauti ya pili ilikuwa imebakiza kifungo kimoja kwa mtu mmoja, na yule mtu alikuwa anakitafuta chini kwenye majani, ingawa kilikuwa shingoni mwake. Pampu ikatoa pumzi fupi, na ganda likaruka. Likafuatiwa na jingine. Yudith akaiinamisha kamera, akaipapasa pembeni, akaiwasha. Lenzi ikachomoza mpaka mwisho, imenyooka.

"Bahati," akasema Makarius.

Kwaya ikapangwa. Yudith akazima mwanga, akabonyeza nusu, akasubiri, akamalizia. Picha ikatoka safi. Nyingine safi. Lakini alipozitazama kwenye kioo hakuzipenda. Nyuso zilikuwa za watu walioitwa kituoni kutoa maelezo.

"Chekeni kidogo basi," akaomba.

Wakaonyesha meno, kama wanaong'olewa.

Mama Loveth akaja, akaitazama, akaivuta ikawa kubwa. "Ziko safi, sikatai. Lakini hii ni kwaya ya shukrani, Yudith. Mbona tumefiwa?"

"Ndiyo maana kuna kompyuta," akasema Makarius kutoka mstari wa nyuma. "Tabasamu naweza kuliweka ofisini." Naye akaliinua begi lake begani.

Yudith akaona siku yake moja inamponyoka kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na ganda la kutoa. Akairudisha kwaya mahali pake. Akabonyeza nusu, kimraba cha kijani kikaja, akashika kidole hapo hapo bila kumalizia. Alisema baadaye kwamba hakujua anangoja nini. Alikuwa anangoja tu, kama kwa kuku.

Na ghafla kwaya yote ikacheka. Kicheko cha kweli, cha kushika mbavu. Mama Loveth kofia ikamwendea upande, dada mnene akamwegemea jirani, na Makarius, Makarius mwenyewe, kinywa wazi mpaka magego. Kidole kikazama. Picha moja, na ikawa ndiyo hiyo.

Mama Loveth aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. "Hii ndiyo mwezi wa kwanza," akasema. "Tena ndiyo jalada. Makarius, funga begi lako, ukamsaidie mwenzio kusafirisha picha kwenye kompyuta yako. Na usimpake mtu unga."

Makarius akafunga begi. "Sawa, mama," akasema, kisha akamgeukia Yudith, "Lakini nusu ile unabonyezaje, maana hata mimi huwa nachelewa."

Leo kalenda ile imetundikwa nyumba kwa nyumba, na msusi wetu hualikwa kwenye harusi na kipaimara akiwa na kibiriti chake kile kile. Wanachoniuliza watu ni kimoja: kwaya ilicheka nini? Basi niwaambie, maana nilikuwepo. Wakati kidole cha Yudith kinangoja, kichaka cha kushoto kikafunguka, akatoka simba dume, shingo imejaa nywele ambazo hata Yudith angezisuka kutwa nzima. Kwaya ikaganda. Mjomba, kwa ushujaa aliozaliwa nao, akajitokeza mbele ya lenzi, akasimama wima kati ya mnyama na watu wa Mungu, akamtazama usoni bila kupepesa, akamwambia kwa sauti tulivu kwamba sisi tumetoka Kilosa na kama anataka vita basi aanze na...

"Mjomba, simba gani tena?" akadakia Yudith. "Mwezi wa kwanza uko hapo ukutani, geuka uutazame. Ni ngiri, tena mtoto, na wewe unakimbia mbele yake, kiatu kimoja kiko hewani."