Aliyekuwa Mbele Yangu Mlimani

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Najua wapo watakaosema ni hadithi ya kutishia watoto. Wakisema, sina la kuwafanya. Lakini ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana katika kisa hiki mimi sionekani mtu mwema. Tena hayakutokea usiku. Watu wakisikia habari za namna hii hutaka giza na bundi. Mimi yalinikuta saa nane mchana, jua kali, huku kwetu Dodoma upande wa Zuzu, nikiwa nimeshiba ugali.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika. Zamani baiskeli ilikuwa ya aina moja tu, nyeusi, nzito, ya kubebea mkaa na madumu ya maji. Mara zikaanza kuonekana baiskeli za gia, zenye matairi mapana ya vipele. Watu wazima walizicheka kwa sababu hazina karia. Gunia utaliweka wapi? Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikawa nashinda kwa mjomba wangu, fundi baiskeli, karibu na stesheni ya Zuzu. Nikaunga ya kwangu kidogo kidogo, fremu ya huku, magurudumu ya kule, breki nikazipata mwisho kabisa.

Nieleze kwa nini niliipenda. Mimi ni mtu wa haya. Njia kubwa ina watu, na kwetu salamu ni ndefu: shikamoo, marahaba, mama hajambo, mifugo haijambo, huko mmepata mvua? Maneno hunikwama kooni. Lakini huko juu vilimani, kwenye njia za mbuzi, penye mawe na miba, hakuna wa kukusalimu. Njia ikiwa mbaya zaidi, watu wanakuwa wachache zaidi. Basi nikawa natafuta zile mbaya.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Yona. Yeye alikuwa kinyume changu, mdomo haufungi. Aliniita Bubu, na kwake sikuchukia. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ya kawaida, matairi laini, na breki zilikwisha zamani. Akitaka kusimama alipeleka mguu nyuma akakandamiza tairi kwa soli ya kandambili zake za mpira wa gari. Ulisikia krrrr, halafu harufu ya mpira ulioungua. Mjomba alimsema kila siku.

"Yona, tia breki. Utavunjika."

"Breki ninazo mbili, mjomba," anajibu, huku ananyanyua miguu. "Hii ya kulia, hii ya kushoto."

Mama yake hakucheka. Alikuwa mjane, na Yona ndiye mwanawe pekee, ndiye anayemlimia. Siku moja alinishika mkono mlangoni kwake akaniambia, "Wewe ndiye mtulivu, mwanangu. Mwangalie mwenzako asije akafa huko." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwahi kupewa kazi nzito kama ile.

Kila Jumapili baada ya kanisa tulipanda milimani kutafuta njia. Tulikuwa na sheria yetu. Aliyeiona njia kwanza ndiye anayetangulia kushuka, na ndiye anayeipa jina. Tulikuwa na Kata Pumzi, tulikuwa na Mama Nisamehe, na nyingine Yona aliita Meno Mezani kwa sababu pale alipoteza jino. Aliyeficha njia ili aishuke peke yake alikuwa msaliti. Hilo tuliliapia kabisa.

Sasa Jumamosi moja ya kiangazi tulikubaliana tukutane juu ya mlima ulio nyuma ya mashamba yetu. Nikatangulia kuondoka nyumbani. Nilisukuma baiskeli nusu saa mpaka nikafika juu, jasho linanitoka. Na hapo nikamwona Yona amefika kabla yangu. Alikuwa juu ya baiskeli yake nyeusi, amenipa mgongo. Shati ni lile lile la njano lililochanika begani. Nikamwita. Hakugeuka. Alinyanyua mkono tu, akaonyesha mbele, kwenye uwazi kati ya vichaka viwili vya miba.

Pale nilikuwa nimepita mara nyingi, na nakuambia ule uwazi sikuwahi kuuona. Lakini nilishangaa kwa wivu, siyo kwa woga. Nilijisemea, kaipata, leo atatangulia yeye. Akaingia, nami nikamfuata.

Ile njia, niamini, sijapata kushuka nyingine kama ile. Ilikuwa ngumu lakini ilikuwa na akili. Ulipodhani umekwama, jiwe lilikaa vizuri likakupokea. Kona zilikuja pale mwili unapozitaka. Tulipita kwenye mwamba mpana, tukaingia chini ya migunga, tukatoka kwenye ukingo mwembamba wenye changarawe. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Ni nani asingefuata?

Halafu mteremko ukazidi. Nilikuwa nimebana breki zote mbili mpaka vidole vinauma, na bado nateleza. Nikamtazama Yona ili nione atafanyaje. Miguu yake ilikuwa imetulia juu ya pedali. Hakuna mguu uliokwenda nyuma. Hakuna krrrr. Hakuna harufu. Na alikuwa anakwenda taratibu, kwa mwendo ule ule wa mtu anayetoka kuchota maji, mahali ambapo mtu asiye na breki angeruka kama jiwe la manati.

Nikaangalia chini. Tulikuwa tumeingia kwenye mchanga laini. Mchanga mbele yangu ulikuwa mzima. Yeye alikuwa ameshaupita, lakini haukuwa na alama ya tairi.

Sikufikiri. Nilijitupa ubavuni, mimi na baiskeli, ndani ya kichaka cha miba. Nilipoinua kichwa, yule aliendelea mbele bila haraka, akapita kwenye kichaka cha mwisho, akatoweka. Sikusikia kitu kuanguka. Nikatambaa kwenda kuangalia. Hatua sita kutoka nilipoangukia, ardhi ilikuwa imekatika. Lilikuwa korongo, kina chake kama watu watatu wakisimama mmoja juu ya mwingine. Chini kulikuwa na mawe na mchanga mweupe. Hapakuwa na baiskeli, wala mtu.

Niliteremka mlima kwa njia ya kawaida, nimeibeba baiskeli begani, siwezi hata kuikalia. Nilipofika kwa mjomba, nilimkuta Yona amekaa juu ya debe, gurudumu lake la mbele limetolewa, anachomoa spoku.

"Bubu! Nisamehe, gurudumu limepinda," akasema. "Sikuweza kuja."

"Yuko hapa tangu asubuhi," mjomba akadakia. "Kanimalizia chai yote."

Yona akaona mikono yangu ilivyochanika. Macho yakamng'aa.

"Umeangukia wapi?"

"Huko juu."

"Umepata njia!"

"Haipitiki."

"Haipitiki, au hutaki nipite?"

Sasa hapo ndipo ningesema. Mjomba alikuwepo, Yona alikuwepo, ilikuwa mchana kweupe. Ningesema tu kwamba nilimfuata mtu anayefanana nawe na hakuwa wewe. Ni maneno machache. Lakini palikuwa na wateja wawili wanasubiri, na vijana wa stesheni walikuwa wamekaa pale pembeni, na mimi nilijua kabla sijamaliza wangekuwa wameshaanza kunicheka, na Yona angeongoza. Nikasema tena, "Haipitiki," nikaingia ndani kunawa.

"Msaliti huyo!" Yona akapiga kelele nyuma yangu. Alikuwa anacheka, lakini siyo sana.

Jioni ile niliamua nimwandikie. Kwenye karatasi hakuna anayekukatiza. Lakini mimi naandika polepole hata leo, na wakati ule ilikuwa zaidi. Niliandika, "Yona usiende kule mlimani kuna hatari kubwa." Nilipotaka kueleza hatari yenyewe, kila sentensi niliyoandika ilionekana ya kijinga, nikaifuta. Koroboi ikaisha mafuta. Nikaikunja barua ile ile ya mstari mmoja nikalala.

Asubuhi nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uko hapa? Mwenzio gurudumu lilinyooshwa jana jioni, ametoka alfajiri. Kasema anafuata alama za tairi lako, akaone ulichomficha."

Alama zangu! Vipele vyangu vilikuwa vimechapwa kwenye mchanga kuanzia kilele hadi karibu na ukingo wa korongo. Hakuna tairi lingine la vipele kijijini kwetu. Mimi ndiye niliyemchorea njia.

Nilimpa mama ile barua, sijui kwa nini, labda kwa sababu mkono ulikuwa umeshainyoosha. Nikapanda baiskeli. Kule juu nikaona vipele vyangu vya jana, na juu yake alama laini ya tairi la Yona. Zilikuwa alama mbili tu. Nilizihesabu kwa macho hatua kwa hatua, nikisukuma baiskeli, siku hiyo sikuthubutu kushuka nimeikalia. Penye kichaka nilichoangukia, vipele vyangu viliishia. Alama laini iliendelea.

Alikuwa chini ya korongo, hai. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka upande usiostahili. Nikazunguka nikamfikia, nikapiga magoti.

"Umerudi," akasema.

"Ndiyo kwanza nafika, Yona."

"Acha utani, Bubu. Ulikuwa mbele yangu. Nimekufuata kutoka juu. Nimekuita, ukageuka ukacheka, ukaendelea." Akaushika mguu wake. "Kwa nini hukuniambia pamekatika?"

Nilimbeba mgongoni. Tulipokutana na wachunga ng'ombe wakanisaidia kumfikisha barabarani, na kutoka hapo akapelekwa hospitali mjini. Mguu haukupona. Waliukata chini ya goti.

Siku ile ile jioni nilisema yote. Nilisema mbele ya mjomba, mbele ya mama Yona, mbele ya majirani waliojaa uwanjani. Nilisema kwa kirefu kuliko nilivyowahi kusema maishani, na hakuna aliyecheka. Mjomba aliniamini, kwa sababu alikuwa na Yona tangu asubuhi siku ile ya Jumamosi. Wazee wawili walisema mlima ule una mambo, wao hawapitishi mifugo upande ule. Lakini mama Yona alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kitenge kiunoni, akatoa barua yangu.

"Hii uliiandika lini?"

"Jana jioni, mama."

"Kwa hiyo jana ulijua."

"Nilijua."

"Na jana mwanangu alikuwa umbali gani na wewe?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Kama kutoka hapa hadi pale. Akaikunja barua akairudisha kitengeni. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikupa mwanangu umwangalie," akaingia ndani.

Miaka imepita mingi. Mama Yona sasa ni mzee, na shamba lake namlimia mimi kila msimu. Anapokea, lakini hanikaribishi ndani. Yona alijifunza ushonaji, anaendesha cherehani kwa mguu mmoja, na mdomo wake bado haufungi akiwa na wengine. Nikipita, ananyamaza. Mara moja tu alinisimamisha. Aliweka chini kitambaa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Siku ile ulipogeuka ukacheka, ulicheka nini?"

Nikamwambia hakuwa mimi. Akasema, "Najua unachosema. Nakuuliza ulicheka nini." Sura aliyoiona ni yangu. Mimi niliona mgongo tu, yeye alionyeshwa uso. Nadhani kila akifumba macho anauona.

Nimeyaandika haya kwa sababu nasikia siku hizi vijana wa mjini, wanafunzi na wafanyakazi, wanakuja na baiskeli nzuri kuliko zetu, wanauliza njia ngumu ziko wapi. Njia zipo, na ni nzuri. Ila nakuomba mambo machache. Ukimwona mwenzako mbele yako kwenye njia usiyoijua, mwite, usimame mpaka ajibu kwa mdomo. Mkono hautoshi. Angalia chini kama anaacha alama. Na ukikutana na jambo usilolielewa, liseme siku ile ile, mbele ya yeyote aliyepo, hata kama wanacheka, hata kama unagugumiza. Usingoje kuliandika.

Na la mwisho. Mimi ni mrefu, mwembamba, nina kovu la miba kwenye kiwiko cha kushoto. Baiskeli niliiuza vipande vipande wiki ile ile, na tangu hapo sijapanda nyingine, natembea kwa miguu. Kwa hiyo siku ukiwa huko vilimani, ukaona mtu wa namna hiyo yuko mbele yako juu ya baiskeli ya gia, anakuonyesha uwazi kati ya vichaka, usimfuate. Hata akigeuka. Hata akicheka kama anayekujua. Huyo siyo mimi.