Mtoto wa Kumi na Mbili

Wiki jana tulimzika mama mmoja wa Noonkopir, huku Kajiado. Nilimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na ni yeye peke yake aliyejua kosa ninaloliungama leo. Wakati wa sensa ya 1999 nilikuwa karani. Sikupita chuo; nilijifunza kuandika kwa kunakili magazeti yaliyofungiwa sukari, na woga wa kukosea ulinifanya nifute mpaka karatasi itoboke. Msimamizi alishaniambia fomu moja yenye kosa ikimfikia, kazi imeisha.

Kwa Yeyo watoto walijaa kama ndama. “Ni wangapi?” nikauliza. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. “Wewe karani, kwani unataka wakufe? Sisi hatuhesabu watoto.” Nilipokaribia kulia, akacheka na kunimiminia chai. “Haya, hesabu vikombe. Kila mtoto iko na yake. Kikombe haiwezi kufa.” Nikahesabu vya bati vyote uani, nikaandika kumi na mbili kwa mwandiko wa kujivunia. Nilikuwa nimefika barabarani nilipokumbuka kikombe changu, kile nilichokiweka chini ili nishike kalamu. Nilikuwa nimekihesabu.

Nikarudi mbio. “Nilikuona,” akasema. “Nikasema wacha nione kama huyu msomi atalala.” Nikatoa kifutio. Akanishika mkono, na sasa hakuwa akicheka. “Unafuta mtoto? Kwa boma yangu?” Nikamwambia huyo mtoto hayuko. “Yuko. Ni wewe. Kunywa chai yako, imepoa.” Fomu nikaipeleka hivyo hivyo. Msimamizi akasifu mwandiko.

Miaka iliyofuata malisho yakakatwa ploti, zikaja nyumba za kupanga. Wanawe wakaenda, mmoja mpaka Magadi, wajukuu wakapelekwa shule za bweni. Mpangaji mmoja kutoka magharibi alimwambia Yeyo, “Mama, sisi watoto ni wawili tu, tumefunga kuzaa.” Yeyo akaninong'oneza, “Hawa wanahesabu hata kabla ya kuzaa!” Alicheka, lakini jioni hiyo alipangusa vumbi kwenye vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

Siku ya mazishi vikombe vilikuwa vimetundikwa ukutani; watoto wa boma walioshika vyao walikuwa watatu. Binti yake akatungua kimoja. “Hiki ni cha karani. Mama alikataa kipewe mgeni.” Wataalamu wakibishana kama watoto wa Kajiado wamepungua au wameongezeka, wajue mmoja wa watoto hao alikuwa na ndevu. Nimefuta mengi maishani nikitafuta usahihi. Hilo moja nashukuru nilizuiwa.