Mfanyabiashara wa Kwenye Televisheni

Nilikuwa na miaka minane nilipotangaza mbele ya baraza zima kwamba mtu amekufa.

Nililikumbuka hilo juzi, nilipowasikia wapwa zangu wakibishana kuhusu tamthilia wanayoifuatilia kwenye simu. Mtaani kwetu Mbale televisheni ilikuwa moja tu, ya Hajati. Mchezo ulionyeshwa mara moja kwa wiki, na siku ya pili yake, alasiri, wanawake walikaa barazani kwake wakimenya karanga zilizokuwa bado zinanukia udongo, huku wakiujadili mchezo wa jana: mfanyabiashara aliyeaga nyumbani na hakurudi.

"Ameoa Kenya huyo," Hajati alisema. "Wanaume nawajua mie!"

Wakacheka. Mama Sauda, jirani yetu, hakucheka. "Yuko hai. Anatafuta njia tu."

"Amekufa," nikadakia. "Si kofia yake iliokotwa mtoni?"

Hajati akanifinya sikio. "Mtoto anazungumzia mchezo, Mama Sauda. Mchezo tu."

Mama Sauda aliendelea kumenya, lakini karanga alizitupa chini na maganda akayaweka kwenye ungo. Nilidhani nimewaharibia hadithi.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza. Mume wa Mama Sauda, dereva wa lori, alichukuliwa na askari wawili kule Jinja, enzi za utawala wa kijeshi, na hakurudi. Kumuulizia waziwazi kulikuwa hatari, kwa hiyo kila wiki wanawake wa barazani walimuulizia yule wa kwenye televisheni.

Baadaye Mama Sauda alihamia Bugembe, karibu na Jinja, kando ya barabara aliyokuwa akipita mumewe. Hadi leo hakuna aliyemwonyesha kaburi.