Upande Wangu wa Moto

Mitungi ya Ngulyati nilikuwa nainunua kwa kuigonga. Unagonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Mtungi ukilia vizuri, wewe unanuna, ili mwenye nao asijue umeupenda. Halafu unauzungusha kutafuta baka jeusi la moshi, maana baka hupunguza bei. Unahesabu, unahesabu tena, unafunga mzigo kwenye baiskeli, unarudi Bariadi kwenye chumba chako cha kupanga, ambako hakuna wa kukuuliza ulichelewa wapi.

Wafinyanzi walikuwa wanawake wanne. Walichoma pamoja, kwenye moto wa wazi nyuma ya nyumba ya mkubwa wao, niliyemwita mayu kama tunavyowaita mama zetu. Kila mmoja alisimama upande wake na kuni zake na mabua yake ya pamba, wakaulisha moto kwa mwendo mmoja. Moto usipolingana, mitungi inaota mabaka; upande mmoja ukizidi, inapasuka.

Ikaja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango. Malori yakashusha ndoo za plastiki na mitumba hadi kwenye minada ya ng'ombe. Mmoja wa wale wanne akaenda kuuza mitumba mjini. Wa pili akafungua genge Binza, kule Maswa. Wa tatu akachukuliwa na binti yake. Sikuhitaji kuambiwa, kila mmoja alipoondoka mabaka yaliongezeka, na mimi, mtu wa biashara, nikashusha bei.

Mara ya mwisho nilimkuta mayu peke yake, mitungi imepangwa, kuni zimewekwa pande zote nne. Akasema mwanawe wa Mwanza anamtaka akakae kwake. Mitungi ikitoka mizima, atamjibu kwamba bado ana kazi. Ikipasuka, anafunga mzigo.

Nikamwambia nitarudi kesho, ikishapoa.

"Wewe kila siku unakuja moto umezimika," akasema. "Leo shika upande wa kusini."

Nikauliza atanilipa nini. Uji, akasema. Nikadai uji na mtungi mmoja. Akakubali hapo hapo, na wasiwasi ukaniingia, maana mayu hakuwahi kukubali bei yangu ya kwanza.

Yeye alizunguka pande tatu, mimi nikabaki na mmoja. Kila alipotupa fungu la mabua nami nilitupa langu, halafu nikaongeza jingine la kuhakikisha. Ndiyo tabia yangu. Baadaye tukasikia mlio ndani ya moto, kisha mwingine. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mayu akaendelea kuzunguka.

Kesho yake tukaitoa. Ya upande wa kusini ilikuwa imepasuka karibu yote, na mingine ya katikati. Nikahesabu mizima. Nikahesabu tena; haikuongezeka. Mayu akaokota mmoja uliopona upande wangu, una baka kubwa kama ramani, akanikabidhi. Kwa mazoea nikafungua mdomo.

"Usinililie baka," akasema. "Hilo ni la mkono wako, mwanangu."

Akacheka. Kisha akaingia ndani kufunga nguo zake.

Aliondoka na lori lililoleta ndoo. Lilikuwa linarudi Mwanza tupu.

Mtungi uko chumbani kwangu, baka nimeligeuzia ukutani. Jioni nyingine naugonga. Unalia vizuri sana. Nami nanuna, ingawa hakuna anayeuza.