Machungwa ya Nta ya Murray Hoskin

Murray Hoskin alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko alivyowapenda wake zake wawili waliomkimbia: bure. Hapa Renmark, mji wetu wa wakulima wa machungwa Australia, hakuna aliyekaa naye klabuni kwa bia moja akaondoka bila kulisikia. Lilimvimbisha kichwa, na kichwa chenyewe hakikuhitaji msaada.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za mashine za kuchambua machungwa. Machungwa yanapita juu ya mkanda unaotembea, chini ya kamera, kompyuta inatazama ngozi ya kila moja. Lililo safi linakwenda kwenye sanduku la kusafirishwa ng'ambo, lenye kovu linaangushwa kwenye tangi la juisi. Kompyuta ikichelewa kujibu, chungwa linaangushwa vilevile, maana mkanda haumsubiri mtu.

Sasa, programu ikikutana na jambo inaloshindwa, ina njia mbili. Ya kwanza ni ya kizamani: kila hatua inamjibu aliyeituma, nimeweza au nimeshindwa, na aliyetuma lazima aulize kila mara. Ya pili ni kurusha. Hatua inaacha kila kitu, inarusha hitilafu juu, na kompyuta inapanda ngazi ya hatua zilizotumana, moja baada ya nyingine, kumtafuta aliyeahidi kuidaka. Bronwyn Tuckwell, mwenzake wa meza ya jirani, alishika njia ya kwanza, na Murray hakuchoka kumsimanga.

"Bronwyn, unauliza-uliza kama mama mkwe! Umefika salama? Umekula? Mwenzio narusha tu, na hainigharimu kitu. Bure!"

"Bure usiporusha."

"Mimi nimepima, dada. Wewe umepima?"

Kupima alikuwa amepima kweli, na hapo mtu hajui acheke au atukane. Machungwa halisi huoza ofisini, kwa hiyo mashine zilijaribiwa kwa machungwa ya nta, ya mviringo, yanang'aa, hayana hata doa. Murray aliyazungusha mkandani asubuhi nzima, hakikurushwa kitu, akachora grafu akaibandika ukutani juu ya birika la chai. Ni sawa na kupima breki za gari lililoegeshwa. Na grafu haikudanganya: orodha ya wadakaji, yaani hatua zilizoahidi kudaka hitilafu, hukaa pembeni, haisomwi hadi kitu kirushwe, kwa hiyo mambo yakiwa shwari hulipi chochote. Basi Murray, kwa jeuri ya grafu yake, akaiandika programu irushe hitilafu kwa kila kipande cha ngozi chenye kovu. Kila kipande, jamani! Kovu kwenye chungwa ni jambo la kila siku, yeye akaligeuza kuwa ajali.

Mashine ile ilifungwa kwenye banda la Stavroula Kanellis, ambaye bustani yake ya machungwa ilipandwa na baba yake aliyetoka Ugiriki na koti moja. Misimu ya kwanza ilikuwa ya neema, na Murray akajipiga kifua.

Kisha ikaja mvua ya mawe, matunda yakiwa bado madogo kama njegere. Yalipovunwa majira ya baridi, mengi yalikuwa na makovu. Ila upande wa bustani uliokingwa na mikalitusi kulikuwa na machungwa safi, yamechanganyika na yenye makovu, yakitosha mzigo wa mnunuzi wa Japani. Mnunuzi huyo akikosa mzigo angehamia kwingine, na bila yeye michungwa ingeng'olewa ipandwe milozi, kama majirani walivyokwisha kufanya. Stavroula alimwita Murray aje asimamie siku ya kuchambua. Akaja na mkate wa nyama mkononi.

Mkanda ukawashwa. Machungwa yakaanza kuporomoka kwenye tangi la juisi, yote.

"Murray, mbona masanduku matupu?"

"Machungwa yako ndiyo mabaya, mama. Mashine haina makosa."

Stavroula alinyoosha mkono akadaka moja likianguka, akamsogezea puani. "Hili lina nini? Nionyeshe kovu."

Murray akaligeuza, akaligeuza tena. "Kamera zina vumbi."

"Nizime?"

"Usizime! Nitazifuta huku mkanda unatembea. Niamini mimi, nimeipima hii."

Akamwamini, na hilo linaniuma mpaka leo. Murray alifuta kamera moja moja, akipiga mluzi, na machungwa ya upande wa mikalitusi yakaendelea kuanguka kutoka juu, yakipondeka. Chungwa likishapondeka halirudi sandukuni. Mpaka alipokubali kufungua kompyuta, makasha ya machungwa yaliyoletwa kutoka upande ule yalikuwa yamekwisha.

Alichokiona kilimfanya auweke chini ule mkate. Kompyuta haikuwa inatazama machungwa hata kidogo. Muda wake wote iliutumia kupanda ngazi kutafuta wadakaji, na mistari yote ya machungwa mkandani ilikuwa imepanga foleni mbele ya orodha ile moja, kila mmoja ukiusubiri mwingine. Chungwa safi lilikosa nafasi ya kutazamwa kwa sababu ya makovu ya majirani zake.

"Ilikuwa bure," alisema, sauti imemnywea. "Kwa machungwa mazuri, ilikuwa bure kabisa."

Stavroula alifuta mikono kwenye aproni. "Mwaka wa machungwa mazuri, Murray, nayachambua kwa macho yangu. Mashine niliinunua kwa ajili ya mwaka huu."

Akatoka nje.

Murray alikaa sakafuni akaanza kubadilisha: kila hatua ijibu, aliyetuma aulize, vilevile kama mama mkwe. Alimaliza kabla hajaukumbuka tena mkate wake. Akawasha mkanda, akaokota machungwa yenye makovu yaliyobaki sakafuni, akayapitisha. Mashine iliyachambua upesi, bila kukosea hata moja.

"Stavroula!" aliita kwa furaha ya kipumbavu. "Njoo uone, sasa inakwenda!"

Stavroula alikuwa uani, amempa mgongo, akizungumza kwa simu na mtu wa kung'oa miti.